Neno Moja Mgongoni mwa Kirikuu

Ukitaka kujua biashara ndogo za Dar es Salaam zinavyojieleza, usisubiri Sabasaba. Panda daladala ya jioni inayopita Barabara ya Mandela, pata siti ya dirishani, kisha soma magari. Kati ya Tazara na Ubungo foleni itakupa muda wa kutosha. Utaona kirikuu ya fundi mabomba, Noah ya mpishi wa harusi, bajaji ya mizigo ya muuza gesi, Townace ya jamaa anayefunga kamera. Ukishuka Ubungo jiulize: nakumbuka gari gani? Kuna hata namba moja niliyoiwahi?

Mimi riziki yangu inatoka humo. Nadizaini na kubandika stika za magari ya biashara, hasa haya madogo, na kila nikiwa njiani siachi kusoma kazi za wenzangu. Magari mengi hayakosi uzuri. Rangi zipo, picha zipo, herufi zina vivuli na miale ya jua imetokea nyuma ya jina. Kinachokosekana ni kusomeka. Mwenye gari amelipia tangazo, akapewa pambo.

Nitatumia gari la mama mmoja wa Tabata mwenye biashara ya dobi, kwa sababu karibu kila kitu ninachotaka kusema kilitokea kwenye gari lile. Alikuwa amenunua kirikuu, Suzuki Carry nyeupe, akaipeleka kwa mafundi wa kuchomelea wakamjengea boksi la bati nyuma ili nguo za wateja zisipate vumbi wala mvua. Akaja ofisini na karatasi ya daftari iliyoandikwa pande zote mbili. Jina la biashara lilikuwa na maneno matano na liliishia na "Enterprises & General Supplies". Zikafuata huduma: kufua, kupiga pasi, kusafisha mazulia, makochi, mapazia, magodoro, na kukodisha mashuka. Namba za simu tatu, barua pepe, Instagram, sanduku la posta. Mstari wa Zaburi. Picha ya mashine ya kufulia, picha ya mwanamke wa Kizungu ananusa taulo, na mapovu yakipaa hadi kwenye kioo cha dereva.

"Mama, hii ingekaa vizuri sana kwenye kipeperushi," nikamwambia.

"Kwani gari si kipeperushi chenye matairi, mwanangu?"

Nilicheka, lakini hapo ndipo penye tatizo lote. Kipeperushi kiko mkononi mwa mtu, anakisoma akipenda, anakirudia. Gari linapita. Mwendo unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo gari linakata karibu mita 14 kila sekunde. Mtu aliyesimama kituoni analiona tangazo la ubavuni kwa sekunde mbili tatu, na ndani ya sekunde hizo hizo anatazama kama daladala yake imefika, anashika mkoba, anajibu meseji. Maneno manne au matano yanaweza kumwingia. La sita halifiki.

Kisha kuna suala la ukubwa wa herufi, ambalo wateja wengi hulikadiria wakiwa wamekaa mbele ya kompyuta yangu, sentimita 50 kutoka kwenye kioo. Wachora mabango wana kipimo chao cha siku nyingi: inchi 1 ya urefu wa herufi kwa kila futi 10 za umbali, kama unataka mtu asome bila kukunja macho. Kwa vipimo tulivyozoea ni sentimita 2.5 kwa kila mita 3. Mtu aliye ng'ambo ya barabara, mita 20 kutoka kwenye gari lako, anahitaji herufi za sentimita 17 hivi. Sasa chukua ile orodha ya huduma saba, ipange ubavuni mwa kirikuu, utajikuta na herufi za sentimita 4. Hizo zinasomeka vizuri ukiwa mita 5. Aliye mita 5 kutoka kwenye gari lililosimama anaweza kumuuliza dereva.

Na kirikuu haina nafasi ya kuchezea. Ilitengenezwa kufuata sheria ya Japani ya magari ya daraja la chini kabisa: urefu usizidi mita 3.4, upana mita 1.48, kimo mita 2, injini cc 660. Mgongoni, pale ambapo watu watakaa nyuma yako kwenye foleni wakikutazama, una upana wa mita 1.4 au pungufu kidogo. Chochote unachotaka kumwambia mtu aliye nyuma yako lazima kiingie humo.

Kwa hiyo sikuanza na rangi wala picha. Nilimuuliza: "Mama, mteja mpya akikupigia simu, neno la kwanza anasema nini?"

Akafikiri. "Ananiuliza, samahani, hapo ni kwa dobi?"

Basi tukaandika DOBI. Herufi nne, urefu wa sentimita 40 kila upande wa boksi. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, "Tunafuata nguo nyumbani", kwa sababu hicho ndicho kilichomtofautisha na madobi wengine wa mtaa wake. Kisha namba moja ya simu. Mgongoni ni DOBI na namba, basi. Lile jina refu lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, tuliliweka mlangoni kwa herufi za kawaida, anakoliona anayetaka kujua gari ni la nani. Cheti cha usajili kinawahusu benki na TRA, na hao hawakusomi barabarani. Zaburi ilikwenda ndani, juu ya dashibodi, na nadhani huko ina kazi kubwa zaidi, ukizingatia madereva wetu.

Alipoiona dizaini kwenye skrini hakufurahi. Aliniambia wazi: "Mbona umeacha nafasi yote hii tupu? Mimi nimelipia gari zima." Nimeyasikia maneno haya kwa wateja wengi kiasi kwamba siku hizi nina jibu la vitendo. Nachapa dizaini kwenye karatasi ya A4 kwa kipimo cha moja kwa kumi, yaani ubavu wa mita 1.9 unakuwa sentimita 19. Naibandika ukutani, namwambia mteja arudi nyuma hatua kadhaa hadi mita 3. Hapo anaona kile ambacho mtu wa mita 30 atakiona barabarani. Kulia kwake naweka dizaini ya pili, ile aliyoitaka yeye, yenye kila kitu. Sisemi neno. Mama alisimama mlangoni, akavaa miwani, akavua miwani, akasema, "Ile ya kulia sioni kitu." Huna haja ya kuwa dizaina kufanya jaribio hili. Lifanye kabla hujamlipa fundi hata shilingi.

Watu wananiambia huu mtindo wa maneno machache ni wa kizungu, na sisi tunapenda maneno. Sikubaliani. Angalia kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina, na jina lenyewe ni mstari mmoja tu, umekaa mahali pale pale miaka yote, hakuna anayeutafuta. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1887, ilichapa alama yake ya "Mali ya Abdulla" kwenye kanga zake, na kwa vizazi maneno hayo matatu yametembea migongoni mwa wanawake wa pwani kutoka arusi hadi sokoni. Hiyo ni alama ya biashara inayotembea, ilikuwapo kabla kirikuu hazijafikiriwa. Au angalia mgongo wa daladala yenyewe. Aliyeandika "Wivu wa Nini" hakuongeza barua pepe. Alichagua kioo cha nyuma kwa sababu alijua nani atakaa nyuma yake na kwa muda gani, akatumia herufi kubwa, akamaliza. Mafundi wa mtaani wanaoandika misemo ile wanaijua barabara kuliko vijana wengi wenye programu za kudizaini.

Tofauti ni kwamba msemo wa daladala hautafuti mteja. Abiria anapanda kwa sababu gari linaenda Mbagala. Jirani zetu wa Kenya wameifikisha sanaa hii mbali zaidi kwenye matatu, hadi kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilizoanza kutumika mwaka 2004 zikaleta ule mstari wa manjano na michoro ikapigwa marufuku, kisha miaka kumi hivi baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaruhusu michoro irudi. Nganya, yaani matatu iliyorembwa, yenye sura za wanamuziki ubavu mzima ni kazi ya kuvulia kofia. Lakini inamuuzia kijana safari yenyewe, raha ya kuwa ndani ya gari lile. Fundi mabomba hauzi raha ya kuwa ndani ya kirikuu yake. Wateja wanaoniletea picha za matatu za Nairobi wakisema "nataka kama hii" nawaonyesha kwanza mahali ambapo namba ya simu ingekaa. Mara nyingi hakuna.

Tukizungumzia namba. Kuandika namba tatu ni tabia iliyobaki kutoka enzi ambazo kumpigia mtu wa mtandao mwingine kulikuwa ghali, kila mtu akawa na laini kila mahali. Siku hizi haina sababu. Tangu mwaka 2017 Tanzania unaweza kuhama mtandao ukabaki na namba yako ile ile, kwa hiyo chagua moja na uilinde, maana ikishabandikwa kwenye gari ndiyo biashara yenyewe. Tarakimu 10 usizipange mfululizo. Zigawe nne, tatu, tatu, uache nafasi kati, kwa sababu ndivyo watu wanavyozitaja na ndivyo wanavyozishika kichwani. Usianze na +255. Anayekusoma yuko Buguruni. Mgongoni mwa kirikuu namba yenye tarakimu za urefu wa sentimita 15, herufi nene za kawaida, inaingia kwenye upana ule na kubaki na pumzi pembeni. Kwa kipimo chetu inasomeka vizuri mita 18 nyuma, na kamera ya simu inaidaka hata gari likiwa linatikisika. Watu wengi siku hizi hawaandiki namba, wanapiga picha. Mchoro wa alama ndogo ya WhatsApp kando ya namba unasaidia. Msimbo wa QR kwenye gari linalotembea hausaidii mtu yeyote, ingawa kila mwezi kuna mteja atakayeutaka kwa sababu ameuona kwenye chupa ya juisi.

Anwani ya Instagram nayo naiondoa nikiweza. Kama jina la ukurasa ni sawa na neno kubwa lililo kwenye gari, atakutafuta mwenyewe. Kama ni jina lenye mistari ya chini miwili na mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wako, hataweza kulikumbuka hata ukiliandika.

Kwenye rangi nitakuwa mfupi kwa sababu watu hulichukulia suala hili kuwa gumu kuliko lilivyo. Jicho linahitaji tofauti ya mwanga na giza kabla ya kuhitaji rangi. Chukua dizaini yako kwenye simu, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Herufi zikitoweka, zitatoweka pia barabarani, hata kama nyekundu juu ya bluu inakupendeza. Kirikuu nyingi zinaingia nchini zikiwa nyeupe. Hiyo ni bahati: weka herufi za bluu iliyokolea au nyeusi moja kwa moja juu ya bodi, usilipie kupaka rangi nyuma yake. Na uwe mwangalifu na nyekundu tupu, maana mtaani watu wameshaizoea kwenye vibanda vya uwakala wa mitandao ya simu. Jamaa mmoja muuza matunda alikuwa anasimamishwa na watu wanaotaka kutoa pesa.

Picha ndiyo inayoniuma. Kila mwenye mgahawa anataka kuku wa kukaanga ubavuni mwa gari. Siku ya kwanza kuku anang'aa, anatamanisha kweli. Lakini wino wa manjano na majenta huliwa na jua kabla ya siani, ile bluu ya printa, na rangi ya kuku wa kukaanga ni manjano na majenta karibu yote. Ukipita muda kinachobaki ni siani na nyeusi: kuku wa bluu. Umewaona, wako kila mahali, chipsi za bluu, mishikaki ya bluu, bibi harusi wa bluu kwenye gari la mpambaji. Hakuna tangazo la chakula baya kuliko hilo. Kama lazima uweke picha, iwekwe ubavuni, isikae kwenye boneti wala juu ya paa. Dar iko karibu na ikweta, jua la mchana linasimama utosini, na watengenezaji wa stika wenyewe hutoa dhamana ya muda mfupi zaidi kwa sehemu zilizolala kuliko zilizosimama. Juu ya picha lazima ipigwe lamineti, yaani plastiki angavu ya juu, yenye kinga ya jua, na kabla ya lamineti chapa iachwe walau siku nzima ikauke na kutoa hewa ya wino. Fundi anayekuchapia na kukubandikia saa hiyo hiyo kwa sababu una haraka anakuharibia.

Kwa DOBI hatukuchapa kabisa. Tulitumia stika ya kukata: roli ya rangi moja inapitishwa kwenye plota, kisu kinakata herufi, plastiki ya ziada inachambuliwa kwa mkono. Rangi imo ndani ya plastiki yenyewe, hakuna wino wa kufifia juu yake, na bei inakuwa chini kwa kuwa hakuna lamineti. Biashara nyingi ndogo zinatosheka na hii. Tatizo ni kwamba haivutii macho kwenye kompyuta, na baadhi ya mafundi hawaipendekezi kwa sababu inaingiza pesa kidogo.

Kuna maneno mawili utayasikia ukienda kununua: kalenda na kasti. Stika ya kalenda imetengenezwa kwa kukandamizwa na kuvutwa kwenye roli, kwa hiyo ikipata joto inataka kurudi ilivyokuwa. Inasinyaa milimita moja mbili, inaacha ukingo wa gundi ulio wazi, vumbi linanasa, unapata ule mstari mweusi kuzunguka kila herufi. Kasti imemiminwa ikiwa majimaji, haikuvutwa, ni nyembamba zaidi na inafuata mikunjo ya bodi na vichwa vya ripiti bila kubanduka. Bei zake hazikaribiani. Kwa boksi la bati lililonyooka, kalenda nzuri inatosha, na usikubali kuuziwa kasti kwa ajili ya herufi nne. Kwa Noah yenye milango iliyopinda na mifereji, ukiweka kalenda utarudi kwa fundi kabla ya mwaka.

Boksi la mama lilikuwa limetoka kupakwa rangi ya mafuta juzi yake. Rangi mbichi inaendelea kutoa hewa ya thina chini ya stika, na hewa hiyo ikikosa pa kutokea inaleta mapovu yasiyoisha. Tulimwomba asubiri. Hakupenda, kwa kuwa alishatangaza uzinduzi kanisani. Siku ilipofika tulianza mapema kabla bati halijachemka. Fundi alifuta bodi kwa spirit, akapima kwa utepe, akanyunyiza maji yenye tone la sabuni ili herufi iteleze hadi ikae mahali pake, kisha akasukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni kwa kibao cha plastiki kilichofungwa kitambaa. Povu dogo lililobaki akalitoboa kwa sindano, akalibonyeza kwa kidole gumba. Nilichokipenda kwa yule fundi ni pembe. Kila kona kali ya herufi aliizungusha kidogo sana kwenye faili kabla ya kukata, isionekane kwa macho, kwa sababu kona kali ndiyo inayonyanyuka kwanza kijana wa kuosha magari akiielekezea mashine ya presha.

Lakini sitaki mtu adhani stika ndiyo njia pekee. Kibati cha nyuma cha kirikuu isiyo na boksi, kile kinachofunguliwa kupakia mzigo, kinagongwa na makreti, kinakwaruzwa na nondo. Stika pale inachanika wiki ya kwanza. Hapo namtuma mteja kwa mchoraji wa mabango wa mkono. Rangi ya mafuta inavumilia, na ikikwaruzwa anarudi na brashi na kopo dogo, anaziba. Edward Saidi Tingatinga alianza michoro yake hapa Dar kwa rangi za aina hiyo, zile zilizotumika kupaka baiskeli, juu ya vibao vya hardbodi, na michoro yake imeishi zaidi ya yeye aliyefariki mwaka 1972. Mchoraji mzuri wa mkono anajua pia kitu ambacho kompyuta haikulazimishi kukijua, nacho ni kuacha nafasi kati ya herufi kulingana na zinavyokaa. Ukimpata, mpe heshima yake na umlipe vizuri, maana wanapungua.

Upande wa sheria, mambo machache ya kuangalia. Usifunike namba ya gari, taa wala reflekta, na kioo cha mbele kiachwe wazi. Ukifunika gari zima kwa stika hadi rangi yake ikabadilika, kadi ya gari inasema rangi nyingine, na askari wa barabarani anajua kusoma. Kabadilishe taarifa kwanza. Nenda pia halmashauri uulize ada ya tangazo kwenye gari, ni bora kuuliza kuliko kuulizwa. Na kama wewe ni fundi friji, acha kujaza nembo za kampuni za Korea na Japani mlangoni kana kwamba wamekuajiri. Andika FUNDI FRIJI. Ni kubwa, inasomeka, na ni yako.

Kuna jambo ambalo hakuna dizaini inayoweza kulirekebisha. Gari likishaandikwa namba yako, kila anachofanya dereva umekifanya wewe. Akimchomekea mtu Tabata Relini, yule mtu ana sentimita 15 za tarakimu mbele ya macho yake na foleni ndefu ya kumpa muda wa kukupigia. Mama alipigiwa hivyo wiki za mwanzo, akasikiliza matusi yote hadi mwisho, akaomba radhi, akamuuliza mpigaji anaishi wapi. Yule bwana leo anafuliwa mashuka kwake. Si kila mtu ana moyo huo, kwa hiyo ongea na dereva kabla ya kubandika.

Mwisho nilimwomba afungue daftari. Kila mteja mpya aulizwe "umetupata wapi?" na jibu liandikwe, hata kama ni neno moja. Wafanyabiashara wengi hawafanyi hivi, ndiyo maana hawajui kama hela ya stika ilirudi. Nilitegemea Barabara ya Mandela ingeshinda, kwa foleni ile. Haikushinda. Simu za Mandela zilikuja, ila nyingi ni za watu wa Kigamboni na Mbezi, ambako mafuta ya kufuata mashuka mawili yanakula faida yote. Waliogeuka kuwa wateja wa kila wiki walikuwa wa mitaa ya jirani, na waliliona gari likiwa limesimama: nje ya duka, kwenye geti la mteja mwingine, au usiku pale linapolala. Dobi ni biashara ya karibu. Mtu anaona gari lile mahali pale pale asubuhi baada ya asubuhi, hadi siku mashine yake ya kufulia inapokufa.

Hilo lilibadilisha mambo mawili. Kwanza dereva aliambiwa akipaki, mgongo au ubavu uelekee barabarani, asilibane gari ukutani kwa upande wenye maandishi. Pili, mama alipoongeza bajaji ya mizigo, aliniambia mwenyewe niondoe "Tunafuata nguo nyumbani", kwamba mtu akiona bajaji ya dobi imesimama getini kwa jirani anajua imefuata nini. Mahali pake chini ya DOBI tukaandika Tabata–Segerea, kisha namba.